Kabla ya Jando, Ulizeni Habari za Wajomba



Mwezi ujao shule zitafungwa, na katika vigango vyetu vingi wazee wameanza kupanga siku ya jando. Wengine watawapeleka vijana wao hospitali au zahanati, wengine watamwita ngariba kama walivyofanya baba zao. Juu ya usafi wa visu, na kila mtoto kuwa na wembe wake, tumesema mara nyingi, na tunashukuru kuona familia nyingi zimesikia. Leo tunaomba jambo jingine, ambalo halina gharama hata ya senti moja. Kabla mtoto hajaguswa na kisu, kaeni na mama yake mkamwulize habari za ndugu zake wa kiume.

Tueleze kwa nini tunaomba hivyo.

Miaka kadhaa iliyopita aliletwa kwetu wodini mtoto wa miaka saba, siku ya tatu baada ya kutahiriwa. Kanga aliyofungwa ilikuwa imelowa damu. Siku ile walikuwa wametahiriwa watoto tisa kwa mkono wa mtu mmoja, na wenzake wanane walikuwa wakiendelea vizuri. Nje ya wodi tulimsikia bibi mzaa baba akisema kwa sauti kwamba damu ya namna hiyo haijapata kuonekana katika ukoo wao, imeletwa na mkaza mwana. Mama wa mtoto alikaa chini, mgongo ukutani, asijibu neno.

Sisi wauguzi nasi tuna la kuungama. Mtoto yule alikuwa ametibiwa mikononi mwetu mara mbili kabla ya siku ile, goti likiwa limevimba. Mara zote mbili tuliandika kwamba ameanguka, tukamchoma sindano ya takoni. Mara ya pili tako lilivimba na kuwa jeusi, nasi tukadhani ni jipu.

Usiku ule daktari alimwuliza mama swali moja tu: “Mama, una kaka wangapi?” Akajibu kwamba anaye mmoja. Wengine wawili walifariki wangali wadogo, mmoja baada ya kung’olewa jino, mwingine jandoni. Habari hiyo alikuwa nayo siku zote. Hakuna mtu aliyepata kumwuliza, na yeye mwenyewe aliogopa kuisema mbele ya wakwe.

Mtoto alipelekwa hospitali ya rufaa, akapona. Lakini tangu siku ile sisi wa wodi ile tumekuwa tukiuliza habari za wajomba. Tunatamani kila familia iulize pia, na iulize kabla ya kisu.

DAMU ISIYOGANDA

Ugonjwa wa mtoto yule unaitwa hemofilia. Mtu mzima wa afya akijikata, damu hutoka kidogo, kisha huganda na kuziba jeraha. Kazi hiyo hufanywa na protini nyingi zilizomo katika damu, nazo hufanya kazi kwa kupokezana, kama watu waliojipanga mstari kutoka kisimani wakipeana ndoo za maji ili kuzima moto. Akikosekana mmoja katikati ya mstari, ndoo hukwama. Mwenye hemofilia A amepungukiwa na protini iitwayo fakta ya 8. Mwenye hemofilia B amepungukiwa na fakta ya 9. Damu yake haitoki kwa kasi kuliko ya wengine, ila hutoka kwa muda mrefu, na mara nyingi hutoka ndani ya mwili bila kuonekana: katika magoti, viwiko, misuli, na hata kichwani.

Hemofilia A humpata mtoto mmoja katika kila watoto wa kiume 5,000 wanaozaliwa, au karibu na hapo. Hemofilia B ni adimu zaidi. Ugonjwa huu uko katika mataifa yote duniani. Haumwambukizi mtu mwingine, wala hautokani na uchawi, na hauletwi na mwiko uliovunjwa. Unarithiwa, na urithi wake una njia yake.

Tusiuchanganye na ugonjwa wa selimundu, ambao familia zetu nyingi zinaujua. Mtoto hupata selimundu anapopokea kasoro kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, na huwapata wasichana sawa na wavulana. Hemofilia kwa kawaida huwapata wavulana, na huwafikia kwa njia ya mama.

DOTI YA KANGA

Katika kila chembe ya mwili wa binadamu mna vijiti vidogo sana viitwavyo kromosomu. Viko 46, yaani jozi 23, na katika kila jozi kimoja tumekipata kwa baba na kingine kwa mama. Juu yake zimepangwa jeni, ambazo ni maagizo ya mwili: maagizo ya rangi ya macho, ya urefu, ya kuganda kwa damu na mengine maelfu.

Jozi moja kati ya hizo ndiyo inayohusika na kuwa mwanamke au mwanamume. Mwanamke ana kromosomu X mbili. Mwanamume ana X moja, na pembeni yake ana ndogo iitwayo Y. Akina mama watatuelewa upesi tukisema hivi: mwanamke amepewa doti nzima ya kanga, vipande viwili vinavyolingana. Mwanamume amepewa kipande kimoja cha kanga na kitambaa kifupi.

Maagizo ya kutengeneza fakta ya 8 na fakta ya 9 yote yamo katika X. Tuseme kipande kimoja cha mama kina tundu mahali pale. Mama hana shida kubwa, kwa sababu kipande cha pili kinaziba. Yeye ni mbebaji, na mara nyingi hajui. Lakini mwanawe wa kiume akipokea kipande chenye tundu, hana cha pili cha kuzibia. Kile kitambaa kifupi hakifiki hapo.

Wapo wabebaji ambao damu yao nao ni dhaifu kidogo. Hao hupata hedhi nzito, au hutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Kwa hiyo mwanamke mwenye mgonjwa wa hemofilia katika ukoo wake amwambie mkunga mapema, kabla ya siku zake kufika.

NJIA YA MJOMBA

Sasa tutazame jinsi vipande hivi vinavyogawanywa kwa watoto. Mama humpa kila mtoto X moja. Baba humpa binti yake X, na mwana wa kiume humpa Y. Maana yake ni kwamba mtoto huwa msichana au mvulana kwa kufuata mbegu ya baba iliyofika kwanza. Jambo hili limejulikana kwa wataalamu tangu mwaka 1905, lakini hadi leo tunapokea wodini akina mama wanaolia baada ya kujifungua kwa sababu wamezaa binti wa nne, na mume ametishia kuoa mwingine. Na tusigeuze sasa tukamlaumu baba. Mbegu zake nusu zina X na nusu zina Y, naye hachagui.

Kutokana na mgawanyo huo tunapata mambo manne ya kukumbuka.

Kwanza, mama mbebaji akizaa mvulana, mvulana huyo ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa mgonjwa. Akizaa msichana, msichana ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa mbebaji kama mama yake. Ni kama kurusha shilingi juu kila anapochukua mimba. Shilingi haikumbuki iliangukaje jana. Mama anaweza kuzaa wavulana wanne wazima, na mwingine akazaa wanne wagonjwa.

Pili, baba mwenye hemofilia hawezi kumpa mwanawe wa kiume ugonjwa huu, kwa kuwa amempa Y. Lakini binti zake wote ni wabebaji, kwa sababu X aliyo nayo ni hiyo moja.

Tatu, kwa sababu hiyo ugonjwa unaweza kuruka kizazi. Babu mzaa mama alikuwa mgonjwa, binti yake ni mzima, mjukuu wa kiume ni mgonjwa. Watu husema babu amemrudia mtoto.

Nne, wagonjwa wa kutafutwa katika ukoo ni babu mzaa mama, wajomba, na wana wa kiume wa mama mkubwa na mama mdogo. Lugha yetu imetusaidia hapa. Lugha nyingine zina neno moja tu kwa ndugu wa kiume wa baba na ndugu wa kiume wa mama. Sisi tunasema baba mdogo, na tunasema mjomba. Hemofilia huonekana kwa mjomba, kisha ikaonekana kwa mpwa wake, na kati yao yuko mama ambaye mara nyingi haumwi.

Watu wa kale waliiona njia hii kabla hakujawa na darubini. Walimu wa Kiyahudi, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, waliagiza kwamba ikiwa ndugu wawili wamekufa kwa sababu ya kutahiriwa, mwingine atakayezaliwa asitahiriwe. Na waliwaangalia hata dada wa mama: wana wa dada zake wakiwa wamekufa hivyo, wa kwake pia asiguswe. Watu wale walioishika tohara kuwa amri ya Mungu waliona kwamba uhai wa mtoto unatangulia. Nasi je?

MAMA HUKATA NA KUSHONA

Hapa wasomaji wengine watauliza: “Kama ni hivyo, si tutazame tu mtoto amefanana na nani? Akiwa sura yake ni ya mjomba aliyekufa, basi naye anao.” Swali hili tunaulizwa mara nyingi, na jibu lake ni hapana.

Yai la mama linapotengenezwa, vipande vyake viwili vya X havigawanywi vikiwa kama vilivyokuja. Hulazwa pamoja, ubavu kwa ubavu, vikakatwa mahali fulani, kisha sehemu ya kimoja ikashonwa kwenye kingine. Kwa hiyo X anayopokea mtoto mara nyingi ni mchanganyiko, upande huu wa bibi mzaa mama, upande ule wa babu mzaa mama. Jozi nyingine 22 hufanyiwa vivyo hivyo, kwa mama na kwa baba. X ya baba, kwa kuwa haina mwenzake wa kulingana naye, humfikia binti karibu nzima kama ilivyo.

Habari ya urithi ilianza kueleweka kwa kazi ya mtawa wa shirika la Mtakatifu Augustino, Gregor Mendel, aliyepanda njegere katika bustani ya monasteri yao mjini Brno na kutangaza aliyoyaona mwaka 1865. Mwaka 1910 huko Marekani, Thomas Hunt Morgan aliona katika inzi wadogo wa matunda kwamba rangi nyeupe ya macho hufuata X. Mwanafunzi wake, Alfred Sturtevant, alionyesha mwaka 1913 kwamba jeni zilizokaa karibu katika kromosomu moja husafiri pamoja mara nyingi, na zilizokaa mbali hutenganishwa mara nyingi zaidi, kwa sababu nafasi ya mkasi kupita kati yake ni kubwa.

Mwaka 1937 huko Uingereza, Julia Bell na J. B. S. Haldane walilionyesha jambo hilo kwa binadamu. Walichunguza familia zenye hemofilia ambazo pia zilikuwa na wanaume wasioweza kutofautisha vizuri rangi nyekundu na kijani. Mambo yote mawili yamo katika X, nao waliona kwamba husafiri pamoja mara nyingi mno hata isiweze kuwa bahati tu. Kumbe yamekaa jirani. Lakini hata majirani hao, mara chache, mkasi hupita kati yao.

Basi, ikiwa jeni mbili zilizokaa jirani katika kromosomu moja zinaweza kutengana, sembuse sura ya uso, ambayo hutokana na jeni nyingi zilizotawanyika katika kromosomu mbalimbali! Mtoto anaweza kuwa na pua ya mjomba, sauti ya mjomba na mwendo wa mjomba, na damu yake ikaganda vizuri. Mwingine anaweza kuwa amefanana na baba yake mtupu, na akawa mgonjwa. Sura haitoi jibu. Jibu hutolewa na maswali juu ya ukoo, na dalili za mtoto mwenyewe, na kipimo cha damu.

TUNDU JIPYA

Ni lazima tuongeze jambo moja, tusije tukawapa watu amani ya uongo. Karibu thuluthi moja ya watoto wenye hemofilia hawana mgonjwa mwingine yeyote anayejulikana katika ukoo. Tundu lao ni jipya, limetokea kwao au kwa mama yao, bila kosa la mtu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Malkia Victoria wa Uingereza. Hakuna habari ya ugonjwa huu kwa waliomtangulia, lakini yeye alikuwa mbebaji. Mwanawe Leopold alikufa mwaka 1884 baada ya kuanguka, akiwa na miaka 30. Kwa njia ya binti zake ugonjwa ulifika katika jamaa za kifalme za nchi nyingine, hata kwa Alexei, mwana wa mfalme wa Urusi, aliyezaliwa mwaka 1904. Uchunguzi wa mifupa ya jamaa hiyo ya Urusi ulithibitisha mwaka 2009 kwamba ilikuwa hemofilia B. Hata majumba ya kifalme hayakuweza kuuzuia, na hakuna aliyeuchagua.

TUNAYOOMBA

Kabla ya jando, baba na mama waketi pamoja, na ikiwezekana bibi mzaa mama awepo au aulizwe. Waulize: je, yuko mjomba, babu mzaa mama, au mtoto wa mama mkubwa au mama mdogo aliyefariki kwa kutokwa damu, aliyetahiriwa akachukua majuma kupona, au aliyekuwa na magoti ya kuvimba mara kwa mara tangu utotoni?

Kisha mtazameni mtoto mwenyewe. Je, alipoanza kutambaa na kutembea alipata uvimbe mweusi kwa kugongwa kidogo tu? Je, alipojiuma ulimi au kung’oka jino damu ilitoka kutwa nzima? Je, magoti au viwiko huvimba bila sababu kubwa? Je, sindano imewahi kumletea uvimbe mkubwa?

Jibu likiwa ndiyo hata kwa swali moja, ahirisheni kisu, mje hospitali. Mtoto ataandikiwa kwenda hospitali ya rufaa kupimwa. Dawa ya kumwongezea fakta aliyopungukiwa ipo duniani, na hospitali kubwa za nchi yetu huweza kusaidia, zikisaidiwa na misaada ya wenye moyo mwema kutoka nje. Mtoto kama huyo anaweza kutahiriwa, lakini hospitalini, akiwa ameandaliwa kwa dawa hiyo. Mafundisho ya jando anaweza kuyapata pamoja na wenzake bila kukatwa siku hiyo. Wazee wenye busara hawashindwi kulipangia hilo utaratibu.

Kwa mtoto ambaye tayari anajulikana kuwa na ugonjwa huu: msimpe aspirini kamwe. Asichomwe sindano ya msuli bila mwuguzi kuambiwa kwanza. Chanjo asikose, bali mwambieni anayechanja ili atumie sindano nyembamba na kubonyeza mahali pale kwa dakika kadhaa. Goti likivimba, limpumzishe, liwekewe kitu baridi, naye aletwe upesi. Akigonga kichwa, msingoje kucha.

Nasi wauguzi na waganga tujiwekee sheria: mtoto wa kiume akija na goti lililovimba, tumwulize mama habari za kaka zake kabla hatujashika sindano.

JUU YA LAWAMA

Wapo wazee waliotuambia kwamba maswali haya yatavunja ndoa, kwa kuwa yataonyesha ugonjwa umetoka upande gani. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Kilichokaribia kuvunja ndoa ya mama yule wa wodini ni ukimya. Alinyamaza miaka saba kwa hofu, na ukimya huo nusura umwue mwanawe. Wanafunzi wa Bwana walipomwona kipofu wa kuzaliwa waliuliza dhambi ni ya nani, na Bwana aliwajibu kwamba si ya kipofu wala ya wazazi wake. Sisi bado tunauliza swali hilohilo mlangoni mwa wodi, tena kwa sauti, mama akisikia.

Mama hakuchagua X atakayompa mwanawe, kama vile baba hakuchagua kati ya X na Y. Anayejua hivyo hana haja ya kutafuta mkosaji. Kazi iliyobaki ni kumlinda mtoto.

Kwa hiyo, ninyi akina baba, tunawaomba hasa ninyi. Msingoje mkeo alete habari hii mwenyewe. Mwulize kwa upole, usiku mkiwa wawili, na umwahidi kwamba jibu lolote halitafika kwa majirani. Na ninyi bibi wazaa baba, mkaza mwana wenu akisema kwamba kaka yake alikufa jandoni, mshukuruni. Huenda amemwokoa mjukuu wenu.

Jumuiya ndogo ndogo zinazokutana juma hili zinaweza kuusoma ukurasa huu kwa pamoja, hasa zile zenye vijana wanaongojea likizo. Na anayetaka kuuliza zaidi aje wodini wakati wowote wa kazi. Tutamsikiliza faraghani.

Tunawatakia afya njema, ninyi na watoto wenu.